Kaka, Pombe ya Mwende Iligoma

Kaka Musyoka,

Huko uliko, mtu akikuuliza ndugu yako ni nani, usinong'one, jibu kwa sauti. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa chumba cha baridi cha dawa za mifugo hapa Garissa. Daktari ana digrii, sawa, lakini ufunguo uko kwangu. Mbuzi wa Ijara na ngamia wa Banissa wanapumua kwa sababu mimi nimeamka. Nilipougua malaria, Mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki ulisimama. Ngamia walikuja wenyewe hadi mlangoni kuniuliza hali.

Sasa sikiliza, maana kuna mtu alitaka kutuaibisha.

Binti yako Mwende anaolewa. Tangu tukuzike anakaa kwangu, na mwalimu mmoja kijana, mtu wa kwetu Mwingi, akampenda. Wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja Jumamosi. Mimi nikakumbuka maneno yako, yale uliyosema kila ukionja kidogo: "Wakwe waje na yao, lakini itakayonywewa kwanza ni yangu. Mwende hatoki kwangu kwa pombe ya kununua." Na wewe haupo. Nikapiga kifua, nikamwambia mtoto, "Usiwe na shaka, nilijifunza miguuni pa baba yako."

Asali ilitoka Mwingi juu ya lori, katika msafara wa polisi, kwa kuogopa shifta, wale majambazi wa barabarani. Bunduki mbele, bunduki nyuma, asali yetu katikati. Mawaziri hawasindikizwi hivyo. Nikaichanganya na maji, nikatia miatine, yale matunda makavu ya mwegea yanayoamsha pombe, nikajaza kibuyu chako kikubwa. Nikiweke wapi? Mwenye nyumba wangu, Mama Abdia, ni mtu wa dini, hataki kusikia hata jina la pombe katika ploti yake. Tayari alikuwa amenisimamisha mlangoni.

"Mutua, wallahi, hii kitu inanukia ni nini?"

Nikamwambia dawa ya kikohozi.

"Kikohozi ya nani? Ya ndovu?"

Nikaona hapana. Garissa yote kuna mlango mmoja tu ambao haufunguliwi ila na mimi. Watu walipokwenda kuswali adhuhuri nikakipeleka kibuyu kule kazini, nikakificha nyuma ya masanduku ya chanjo, nikapiga kufuli.

Kaka, pombe ikanyamaza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinivuta sikio na kulibandika kwenye kibuyu? "Sikia, inaongea." Pombe hai inasema kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati. Hii niliitegea sikio, kimya. Povu hakuna. Nikaonja, tamu vilevile kama nilipoichanganya.

Nikajua kuna mkono wa mtu. Kwanza nikamshuku muuza asali, kwamba alitia sukari nguru. Nikaongeza asali nyingine, ikazidi utamu, ikazidi kununa. Nikashuku maji ya Tana, nikashuku na ile shabu niliyoyasafishia. Nikashuku jicho la Mama Abdia. Hata Mwende nilimshuku, Mungu anisamehe, maana kila jioni, "Baba mdogo, imeanza kuchacha?" Anayeuliza sana ana lake.

Lakini kuliko wote, Kilonzo seremala. Ndiye aliyenipa miatine. Na ndiye aliyekuwa akimtaka Mwende kwa mwanawe, akakataliwa. Unaona? Nikasema huyu ameichemsha miatine makusudi, ameiua kabla haijafika kwangu. Na kesho atakuja kumalizia. Basi nikaanza kulinda. Kila nikipata nafasi nilijifungia mle ndani, nimekaa juu ya sanduku, nimevaa lile koti lako zito la ubawabu wa Nairobi nililorithi. Lile ulilokuwa ukikifunikia kibuyu kando ya moto ili wezi wasikione. Nikasubiri mchawi aingie.

Hakuingia. Jumatano nikamfuata mwenyewe kwenye karakana, nikamkamata shati. Sikumwogopa. Unajua niliwahi kumzaba kofi mamba wa Tana akaomba radhi. Kilonzo hakunigusa. Alisema tu, "Miatine ya mti huohuo iko kwangu, imechacha mpaka watu wameimba. Nionyeshe kibuyu chako."

Nikampeleka kazini, nikamfungulia. Nikavaa koti, tukaingia. Aliweka kiganja kwenye kibuyu, akakitoa upesi. Halafu akanitazama mimi.

"Mutua," akasema, meno yakigongana, "Garissa hii, mtu anavaa koti kwa nini?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Ukatoka mvuke.

Tulikibeba hadi jikoni kwake, tukakiweka karibu na jiko, nikavua koti nikakifunika. Asubuhi nikabandika sikio. Ilikuwa inaongea, kaka. Mvua juu ya mabati. Machozi yalinitoka, nikamwambia Kilonzo ni moshi.

Jumamosi wazee walikunywa kwanza yako. Tone la mwanzo nilimwaga chini. Lilikufika? Mzee wa upande wao alifuta ndevu akasema, "Hii ni ya Musyoka. Nani alisema amekufa?" Mwende alitoka nje. Nilimwacha alie.

Wakaniuliza siri. Nikawaambia pombe ya ukoo wetu hulazwa baridini kwanza, ipumzike kama bwana harusi, na si kila mtu ana ufunguo wa mahali pa kuilaza. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kilonzo alikohoa mno. Bado ninamwangalia. Mtu anayekutunzia siri bila kuomba hata kikombe cha pili, ana mpango.

Haya, lala kaka yangu. Mwende ameondoka kwako kama ulivyotaka. Koti nimelikunja juu ya kibuyu, sitalivaa tena. Mtoto wake wa kwanza akija, nitaipika nyingine, nami nitaiweka karibu na moto.

Ila nikwambie wewe peke yako, na huko usimsimulie mtu. Sikuwahi kujua lile koti ni la nini. Pombe yako ilikuwa ikitetemeka mbele ya macho yangu, mimi nimekaa naichunga dhidi ya dunia nzima, na blanketi lake nimelivaa mimi.

Mdogo wako,
Mutua