Wimbo Wetu Haukujibiwa Mbarara

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Jambo kwako na kwa bote ba kwaya yetu huko kambi ya Nakivale. Niseme mara moja: chuo cha hapa Mbarara hakikunikubali kusoma muziki.

Balimu batatu balikaa nyuma ya meza. Bakaniambia niimbe wimbo ninaoupenda. Nikaanzisha ule wetu wa kwetu Fizi, kule Congo, ule munaniitikiaka kila Jumapili. Mustari wa kwanza nikauimba vizuri, kisha nikanyamaza, vile tunafanyaka, ili mujibu. Nikasikia mvua tu juu ya mabati. Nikaimba wa pili, nikanyamaza tena.

"Umesahau maneno, nyabo?" mwalimu mumoja akaniuliza kwa huruma, akiniita bibi kwa lugha ya huku.

"Hapana, madamu. Hapo banaimbaka bengine."

Akageuka kutazama mulango, sijui alifikiri munakuja. "Hapa mtu anaimba peke yake."

Basi nikajaribu kuimba na sehemu yenu. Yaya, ile sauti yako ya chini mimi siiwezi. Nilikatika katikati.

Sasa niko Ruharo, hapa hapa mjini, kwa shangazi. Mvua haijaacha, matoke yamepoa kwenye sahani, na nina hamu ya sombe yako, yale majani ya muhogo. Kadi hii nampa mama muuza samaki anayerudi kambini leo. Mimi bado naona haya kurudi naye.

Nakupenda mingi. Jumapili nitakuwa fasi yangu, mbele yenu. Nikianzisha, mujibu mbio, Yaya. Kile kimya sitaki kukisikia tena.

Mudogo wako,
Neema