Mwenye Ufunguo wa Mashine ya Kahawa

Jumapili, Julai

Redioni wanasema vyama vingi. Hapa kijijini mwenyekiti hana hata askari, ana ufunguo wa mashine ya kumenyea kahawa. Asiyemnyooshea mkono anawekwa mwisho wa foleni, na kahawa mbivu ikilala inachacha.

Leo kwenye mkutano wa kumchagua tena nilikuwa mwandishi. "Andika wamenikubali wote," akasema mwenyekiti. Nikaandika: wote isipokuwa jirani yetu, Mama Kastory. Ndivyo nilivyoona.

"Futa, binti."

"Nimetumia wino, mzee."

Tulipofika mashineni, magunia yetu ya kahawa yakasukumwa mwisho wa foleni. Baba, aliyenyoosha mkono kama wengine, akayabeba kurudi nyumbani. Nilidhani atanichapa.

"Kaa, mwandishi, umenye," akasema.

Tumemenya kwa mikono hadi tunda la mwisho. Vidole vinawaka. Baba anasema mkutano ujao mkono wake utabaki mfukoni.