Moyo wa Mbuzi Kiganjani mwa Nzau

Kivuva, nimeaibishwa katika boma langu mwenyewe, na mbuzi nimemnunua mimi.

Mjukuu wangu Kasiva ana mtihani wa uuguzi Jumatatu. Asubuhi nilimweleza kikamilifu: misuli ya moyo ina michirizi, misuli laini ya utumbo haina, na yote hufanya kazi bila kungoja amri yetu. Akaitikia tu, "Sawa, Babu."

Ndipo Nzau, babu yake wa upande wa mama, yule mwenye bucha Kathonzweni, akamwita tulipokuwa tunachinja. Moyo ulikuwa kiganjani mwake, umekatwa kabisa, na bado unapiga.

Akamuuliza Kasiva, "Mama, nani anauambia upige?"

Kisha akamwonyesha utumbo ukijikunja polepole.

"Babu Nzau, sasa nimeelewa."

Sasa, Kivuva. Sasa ndipo ameelewa. Nimefundisha bayolojia miaka thelathini na minne, naye Nzau aliishia darasa la nne.

Akanicheka mbele ya mtoto: "Mwalimu, wewe una maneno, mimi nina kisu."

Nimeingia chumbani, nimeuamuru moyo wangu utulie. Hautii, kama nilivyomfundisha Kasiva asubuhi.