Raba Chini ya Pedeli

Baba Neema wangu,

Huko uliko sijui kama wanapokea maswali. Mimi ninalo moja, na tangu Jumamosi linaninyima hata hamu ya ugali. Linahusu gari. Najua ungecheka: mwanamke umemwachia nyumba, shamba la mahindi na binti, halafu anakuandikia habari za gari.

Kile kigari cheupe kililetwa hapa Lizaboni, Songea, kikiwa tayari kimezeeka, miezi michache kabla Neema hajazaliwa. Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa ya kumpeleka mtoto Mbinga, wazazi wangu wamwone. Kwenye tambarare kilikwenda bila neno. Tulipopita Kigonsera na milima kuanza, nawe ukaanza mambo yako. Ukazima redio, ukapandisha vioo, ukaniambia niiname mbele. "Mama Neema, lisaidie gari," ulisema, nami nikainama na mtoto mapajani, mtu mzima na akili zangu. Malori matupu yanayofuata makaa ya mawe yakatupita moja baada ya jingine. Ikawa ndiyo desturi yetu, kila tukienda kwetu.

Kaka zangu hawakukuacha. "Shemeji, umekuja na gari, au gari ndilo limekuja na wewe?" Ulikuwa unacheka nao, unakunywa kahawa yao, na tukirudi Songea unatafuta dawa nyingine ya nguvu. Ulinunua plagi mpya. Ulifungua kabureta juu ya meza ya chakula ukaisugua kwa mswaki, na chumba kikanuka petroli mpaka Pasaka. Kuna safari uliacha nyumbani tairi la akiba na jeki ili kupunguza uzito, na pancha ikatupata porini. Tulikaa kando ya barabara kusubiri msamaria, mimi nimenuna, wewe unaniambia, "Lakini si umeona lilivyokuwa jepesi?"

Hata msibani kwako gari lako halikusahauliwa. Mtani wako mmoja aliketi uani kwenye stuli, akashika ungo kama usukani, akanguruma kwa mdomo huku anapungukiwa na pumzi, kisha akawaamuru waliobeba jeneza wasukume maana marehemu hana plagi. Nilicheka huku nalia. Sikujua kama mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Sasa nisikilize. Neema amepangiwa kazi ya uuguzi huko huko Mbinga. Leseni anayo, na ameomba gari ili awe anakuja kuniona. Jumamosi nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Mfaranyaki, nikamwomba aliongezee nguvu kidogo, mtoto asiaibike mlimani.

Alilisikiliza, akakanyaga mafuta, akakunja uso. "Mama, injini hii nzima. Ila pedeli haifiki chini." Akaingiza mkono chini ya pedeli ya mafuta, akabandua kipande cha raba cha buluu, kinene kama kipande cha sabuni. Nilikifahamu palepale. Ni kisigino cha kandambili yangu, ile niliyoitafuta nyumba nzima nilipokuwa na mtoto mchanga. Na wewe ulinisaidia kuitafuta, Baba Neema. Ulimsingizia mbwa wa jirani.

Fundi akanipakia tukaelekea mlimani Matogoro. Gari lilipanda mpaka nikashika mlango.

Tangu hapo sielewi kitu. Zile plagi zote zilikuwa za nini? Ulikuwa unatafuta nguvu kwa mkono mmoja na kuibana kwa mkono mwingine? Nadhani ulimwogopea mtoto. Halafu nakumbuka kwamba siku zilezile ulikuwa unanifundisha kuendesha, pale uwanja wa mpira, na nadhani uliniogopa mimi. Hapo nakasirika, kwa sababu ungeniambia tu. Halafu nawaza labda uliibandika kwa muda, ukapanga kuitoa mtoto akikua, ukasahau kama ulivyosahau bomba la jikoni. Au hukusahau, uliona haya kuitoa baada ya kaka zangu kucheka kiasi kile. Kila jibu linaniletea mume tofauti. Nimekaa nawe ndani ya gari hilo miaka yote hiyo, na leo nakuuliza wewe ni yupi.

Fundi nilimuuliza nifanyeje. Naye hakunisaidia. "Likiwa na nguvu, kona zinaweza kumshinda," alisema. "Likikosa nguvu wakati analipita lori, napo ni balaa. Mtoto ni wako, mama." Akanipa raba mkononi.

Jana jioni Neema alikwenda kuaga kwa shangazi yake. Nilikuwa nimeshaamua kumwonyesha raba, nimsimulie, tucheke, achague mwenyewe. Niliamua hivyo kabisa. Kisha nikaona viatu vyake vyeupe vya kazi vimepangwa mlangoni, vipya, na sijui nini kilinishika. Nilichukua gundi ya viatu nikapiga magoti pale chini ya usukani, nikairudisha raba mahali pake. Gundi ilininata vidoleni. Nilikuwa nalia na kukutukana kwa sauti ndogo, na nilikuelewa, na bado sikukusamehe.

Leo asubuhi ameondoka. Saa nne amenipigia simu, amesimama pembeni mwanzo wa milima.

"Mama, hili gari mbona halina nguvu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema.

"Ni la zamani, mwanangu," nikamwambia. "Utafika tu."

Amefika. Wajomba zake wameshaanza kumcheka. Mimi nimekaa na simu mkononi, ukweli bado ninao, na sijui unatolewaje baada ya hapo. Wewe, mpenzi wangu, ulikaa nao vipi?

Ni mimi, mkeo wa Lizaboni,
Mama Neema