Taa ya Mama na Samaki Wawili

Jumapili, 4 Agosti 1974
Nimebadilisha maji ya samaki. Wawili, wekundu, wadogo kama kidole. Mwalimu mwenzangu Tatu aliniachia alipohamishiwa Kibaha, wakiwa ndani ya chupa kubwa ya peremende ya dukani. Mama mkwe alikuwa mkekani akitazama. Tangu nyumba yake ibomolewe kwa amri ya serikali ya watu kuhamia vijijini, na lori limlete hapa, hasemi sana. Leo kaniuliza kama samaki hulala. Sikujua. Hawafumbi macho kamwe.
"Basi wako kama mimi," akasema.

Jumanne, 6 Agosti
Mama halali. Taa ya chemli inawaka mpaka asubuhi, mezani, karibu na chupa. Nikiizima, anaketi kitako. Anasema humu ndani hajui mlango uko upande gani. Kule kwake mlango ulitazama kaburi la Baba mkwe, hata gizani alijua njia. Mafuta ya taa yenyewe ya kupanga foleni. Namwonea huruma. Na nimechoka.

Ijumaa, 9 Agosti
Samaki mmoja hali chakula. Anajigonga kwenye kioo, anarudi, anajigonga tena.
Mume wangu Shomari kaja kutoka kazini kwake Kisarawe. Kamkuta mama yake amekonda, macho yameingia ndani. Hasira zake zote kwa samaki. Niwamwage, taa izimwe, Mama atafutiwe dawa ya usingizi. Mama akavuta kanga kichwani. Nilimchukia Shomari muda wote wa chakula. Baadaye nikamwona nyuma ya nyumba, kainama, anafuta macho. Ile nyumba iliyobomolewa ndimo alimozaliwa.

Jumatatu, 12 Agosti
Mkutano wa walimu, Kibaha. Basi liliharibika njiani, nimefika vumbi tupu. Nikamtafuta Tatu. Alicheka kwanza. Samaki wanalala, kasema, ila hawana kope. Hutulia chini, wakipumua polepole. Lakini wanataka giza.
"Unawawashia taa usiku kucha? Utawaua, shoga yangu."
Sikumwambia taa ni ya nani. Njia nzima ya kurudi nawaza nitaanzaje na Mama.

Jumanne, 13 Agosti
Nimemwambia. Nilidhani atakasirika. Kaitazama chupa, kasema, "Na hawa nao wana kosa gani?" Akaizima taa mwenyewe. Nimemsikia akijigeuzageuza. Hakuiwasha tena.

Alhamisi, 15 Agosti
Alfajiri nimeamshwa na kilio. Mama kaikumbatia chupa. Samaki wote wawili chini, hawatikisiki.
"Nimewaua mimi kwa giza."
Akalia kwa sauti. Akamlilia marehemu mumewe, akaililia mihogo aliyoiacha shambani, akaulilia mlango wake. Hakulia hivyo hata siku ya lori. Nikagonga kioo kwa ukucha. Samaki wakashtuka, wakaogelea. Kumbe walikuwa wamelala. Nikamwonyesha. Aliwaona, na bado akaendelea kulia. Sikumwambia anyamaze. Nilimshika tu, na mimi machozi yakanitoka. Alipotulia kaomba kitu kimoja: apelekwe kaburini.

Jumamosi, 17 Agosti
Shomari amefika. Niliogopa atakataa, maana mwenyekiti wa kijiji hapendi watu kurudi kule. Hakukataa. Kaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, kakaa huko muda mrefu. Karudi kasema, kesho.

Jumapili, 18 Agosti
Tumekwenda kwa miguu, watatu. Nyumba imebaki udongo, majani yameanza kuota. Kaburi lipo. Mama akalipalilia kwa mikono, hakutaka tumsaidie. Tukasoma Fatiha. Shomari akang'oa mihogo. Mama akatandika kanga pale mlango ulipokuwa, akasema anapumzisha miguu.
Kalala. Usingizi mzito, mdomo wazi kama mtoto. Jua lilipopanda, Shomari akasogea, akasimama akimkinga kwa kivuli chake. Hatukumwamsha.