Mgeni Rasmi Yuko Njiani

Jumatano, jioni. Wingu limekaa juu ya Nyakanazi tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki, na joto lake limeganda mwilini. Nimekasirika mpaka chai imenishinda kunywa.

Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu sasa hivi nitatukana, na mke wangu alinikataza kutukana tangu siku niliyostaafu.

Kwa anayepita ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Ntobeye, Ngara. Nilikuwa rubani wa ndege za mizigo jeshini mpaka nikastaafu na cheo cha Meja. Sasa nafundisha ujasiriamali vikundi vya wakulima huku Biharamulo, na watu wananiita Mwalimu Rubani. Kazi zenyewe hazitofautiani sana. Unapima mzigo, unaangalia hali ya hewa, unajua saa yako ya kuondoka, unaondoka.

Unaondoka! Hukai kwenye kiti cha plastiki ukimsubiri mtu amalize supu yake huko aliko.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nitaharibu.

Nina kikundi cha akina mama wanaolima mananasi. Wengine ni Wasukuma waliohamia huku kutoka Shinyanga, wengine ni Wasubi wa hapa hapa. Kata yao siitaji, wenyewe wanajijua. Msimu mzima tumefundishana jambo moja tu: kuchuma nanasi likiwa ndiyo kwanza linageuka rangi, kuliacha na kikonyo chake na taji lake, kutenga makubwa na madogo. Nimewapatia mnunuzi mwenye lori anayepeleka mananasi Mwanza, na huyo hataki rundo la kubahatisha. Alisema leo atapita Nyakanazi, atapakia, na saa saba mchana anaondoka. Akiridhika na mzigo, atapita kila wiki. Akikosa mzigo, ana wakulima wengine huko mbele.

Basi, leo tulikuwa na hilo tu. Lori. Saa saba.

Juzi ofisi ya kata ikaleta habari kwamba leo hii hii kuna maonyesho ya wajasiriamali, na mgeni rasmi anakuja. Kikundi changu kinatakiwa kipange bidhaa mezani asubuhi. Nikaenda kwa Mtendaji wa Kata kumweleza habari ya lori. Akanicheka kwa upole kabisa. "Meja, saa nne tutakuwa tumeshamaliza. Wewe si mtu wa itifaki bwana?" Nikaamini. Mtu mzima na mvi zangu, nikaamini!

Leo asubuhi akina mama walifika na vitenge vya sare, wamependeza. Mananasi makubwa, yale yale tuliyoyatengea lori, wakaambiwa wayaweke meza ya mbele, kwa sababu mgeni rasmi haonyeshwi kitu kidogo. Saa nne ikafika, mshereheshaji akatangaza: mgeni rasmi yuko njiani. Tukapiga makofi. Baada ya ngoma mbili akatangaza tena: mgeni rasmi yuko njiani. Njia gani hiyo jamani? Kutoka Biharamulo mjini hata bodaboda yenye pancha ingeshafika.

Ngoma zilipochoka nikaitwa mimi. "Wakati tukimsubiri mgeni wetu rasmi, tunaye rubani hapa, atuburudishe kidogo na habari za ndege." Niburudishe! Nikasimulia namna tulivyokuwa tukitua kwenye viwanja vya udongo wakati wa masika, watu wakacheka, nikakaa. Joto lilipozidi nikaitwa tena. "Meja, tupe ile ya vita." Nikamwambia hakuna ile ya vita.

Jeshini nimewabeba wakubwa, tena wakubwa hasa. Walikuwa wanafika uwanjani mapema na kusimama pembeni na mikoba yao. Walijua mwanga wa kutua ndege ukiisha, umeisha, na cheo cha mtu hakiurudishi.

Saa sita ikapita. Kirikuu, kigari cha mizigo nilichokodi, kimeegeshwa nyuma ya ofisi, dereva amelala ndani, milango wazi. Nikamfuata Mtendaji, nikamnong'oneza kwamba mzigo unatakiwa uondoke. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba anivulie shati. "Mzigo ukiondoka mgeni ataona nini? Meza tupu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mananasi ya watu yamekuwa mapambo.

Mshereheshaji akaniita mara ya tatu. Nikachukua kipaza sauti, nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia uwanja wa ndege: "Lori linaondoka saa saba. Wenye mananasi, simameni tukapakie."

Hakusimama mtu. Mwenyekiti wa kikundi akaanza kufunga upya kilemba kilichokuwa kimefungwa vizuri. Mwingine akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amelala fofofo. Mimi huyo katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi, kinapiga filimbi. Nilihisi nitapasuka.

Ndipo akasimama Mama Kabula. Huyu ni mama wa Kisukuma, alikuja huku na mumewe wakifuata malisho, na darasani huwa anasikiliza zaidi kuliko kusema. Akaenda hadi meza ya mbele, akaanza kutoa mananasi yake, moja moja, akiyarudisha kwenye matenga. Mtendaji hakumfokea. Alimwambia tu, kwa sauti ya mtu anayesalimia: "Mama Kabula, meza yako ya gulioni si ile ya mlangoni pale? Haya."

Haya! Neno dogo hivyo, na uwanja mzima ukainamisha vichwa.

Njiani kwenda Nyakanazi nikawasema vibaya wale waliobaki. Waoga, hawajitambui, nimepoteza msimu mzima nikiwafundisha, hawa wataendelea kuuza kwa rundo vumbini mpaka wazeeke. Mama Kabula amejibana kati yangu na dereva. Nilipopumua akasema:

"Mwalimu, usiwaseme wenzangu. Wewe ukitoka pale unakwenda kwako, pensheni inaingia. Sisi meza za gulioni anagawa Mtendaji. Akisema hamia kule nyuma ya choo, unahamia. Mteja gani atakufuata huko?"

Nikamuuliza, basi wewe umesimama kwa nini?

"Nimeona aibu ubaki umesimama peke yako."

Nilitazama barabara mpaka tukafika.

Tulikuta wapakiaji wanavuta turubai. Mnunuzi alitoa nanasi moja kwenye tenga, akalinusa, akaangalia kikonyo. "Mazuri. Mengine yako wapi?" Nikamwambia yanamsubiri mgeni rasmi. Akacheka sana, mfanyabiashara wa barabarani anazijua shughuli hizi. Kisha akaacha kucheka. Haya ya leo anayapakia, akasema, lakini kwa matenga ya mama mmoja hawezi kuwa anasimamisha lori. Wiki ijayo anapita mara ya mwisho. Akikuta mzigo wa watu wote, sawa. Asipokuta, tusimtafute.

Alasiri mwenyekiti akanipigia. Mgeni rasmi alifika. Hakukaa hata robo saa. Aliwahimiza akina mama wachangamkie fursa. Wachangamkie fursa! Akakatiwa nanasi, akasifu utamu wake, na yale makubwa ya meza ya mbele yakapakiwa kwenye gari lake kama zawadi, watu wakipiga vigelegele. Mwenyekiti aliyasema haya kwa sauti ya chini, na safari hii sikumsema mtu. Kisha akaongeza kwamba Mtendaji ametangaza kupanga upya meza za gulio kesho asubuhi, kuanzia za mlangoni.

Kuanzia za mlangoni. Ana haya huyu mtu?

Mimi nilipaza sauti, na anayelipa ni Mama Kabula. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko supu ya mgeni, kuliko mananasi yaliyopanda gari la bure. Nilisema yangu kwa kipaza sauti nikijiona shujaa, nikiwa sina meza ya kuhamishwa.

Nikampigia. Alikuwa ameshasikia. Hakulia wala hakunilaumu, ingawa ningefurahi kama angenilaumu kidogo. Aliuliza tu: "Kesho utakuwepo, Mwalimu?"

Sasa sikia mkasa. Kesho nilitakiwa niwe Ngara. Shule moja ya sekondari imenialika kuzungumza na wanafunzi juu ya ujasiri. Kwenye mwaliko wameandika kwa herufi kubwa: MGENI RASMI. Nimecheka peke yangu hapa mpaka mke wangu akachungulia mlangoni.

Nimeshawapigia. Nimewaomba radhi walimu, nimewaambia sitafika, wasimsimamishe mtoto juani kwa ajili yangu, waanze na ratiba yao.

Gulio linafunguliwa alfajiri. Nitakuwepo kabla Mtendaji hajaamka, juu ya ile meza ya mlangoni, miguu ikining'inia. Akitaka kuihamishia nyuma ya choo, sawa, aibebe nami nikiwa juu yake.