Mama Mkwe Aliamuru, Mfuaji Akavunjika Mkono

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, tena unijibu kabla ya Jumatatu ijayo, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani kwangu watu wazima hatusemeshani, anayetoa sauti ni mtoto mchanga peke yake.

Mimi na mke wangu tuna kampuni ya kufua mashuka ya hoteli na hospitali, na wakurugenzi walioandikishwa ni sisi wawili, hakuna wa tatu. Mke wangu alipojifungua mama yake akaja kumsaidia kulea, lakini yule mama ni muuguzi mkuu mstaafu, hajui kukaa bure, basi akaanza kuja ofisini, "Nawaangalizia tu, baba," mwanzoni akikaa kwenye benchi la wateja, baadaye nikamkuta kwenye meza ya mke wangu, funguo za stoo ziko kiunoni, anapanga zamu, anaajiri, anamrudisha muuza sabuni na sabuni yake kwa kuwa haitoi povu, na mimi kusema kweli nikashusha pumzi, kazi ilinyooka, wafanyakazi wakamwita Bosi Mama, nami wateja wakipiga simu nikawa nawaambia, "Ongea na Mama, akishasema yeye imekwisha."

Sasa mashine ya kukamulia ikavunjika komeo la mfuniko, yaani mfuniko unafunguka huku pipa bado linazunguka, na fundi akatuonya sote tusiiwashe mpaka alete komeo jipya. Ijumaa hoteli wakapiga simu, wanataka mashuka yao jioni ileile, na mfuaji wetu wa siku nyingi tunayemwita Chuma akasema mashine hii haifai, Mama akamwambia, "Washa, mimi ndiye niliyesema," Chuma akanitazama, maana nilikuwa nimesimama pale mlangoni na kikombe changu cha chai, nami nikaingia zangu ofisini, kwani mkwe nitambishia vipi mbele ya wafanyakazi, na chai haijapoa tukasikia ukelele, shuka limemzonga mkono wa kulia na kumvuta ndani. Mifupa imevunjika vibaya na daktari hajui kama vidole vitakunja tena.

Afisa wa kazi ametuita Jumatatu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye kila kitu anakijua, anasema hapo hakuna kesi: "Mama si mkurugenzi, hajateuliwa na mtu, ni bibi aliyekuja kulea mjukuu. Kwa hiyo kampuni haikuamuru chochote, Chuma aliwasha kwa kichwa chake." Mke wangu analia, anasema nikimtaja mama yake mbele ya serikali nitafute mwanamke mwingine wa kuishi naye. Mama mwenyewe asubuhi anakwenda hospitali kumlisha Chuma kwa kijiko, akirudi anajifungia chumbani. Na jana Chuma kaniuliza, "Bosi, Jumatatu utasemaje?" nikamjibu apone kwanza. Je, mshauri, mtu ambaye hakuteuliwa anaweza kweli kuibebesha kampuni mzigo? Na nifanyeje mkwe wangu asidhalilike?

Ni mimi, Mkwe Mwenye Adabu

MSHAURI ANAJIBU

Pole, baba. Lakini pole ya kwanza naipeleka wodini kwa Chuma, yako inafuata nyuma.

Swali lako la sheria nimempelekea wakili ninayemwamini. Alianza kucheka kabla sijamaliza kumsomea. Anasema kila mwaka anawaona kina shemeji yako wakiingia mahakamani na hoja hiyohiyo, na wengi wanatoka wamenywea. Sheria haiangalii tu nani kaandikishwa. Inaangalia nani anafanya kazi ya mkurugenzi, na nani ameachwa aonekane hivyo mbele ya watu. Mama anaajiri, anapanga zamu, ana funguo, na wewe kwa mdomo wako unawaambia wateja akishasema imekwisha. Haya, juzi amesema. Leo unataka kuruka kimanga kwamba ni mgeni? Mgeni gani anayemfukuza muuza sabuni?

Faida ya umeneja wake ulipokuwa unaila hukuuliza barua ya uteuzi iko wapi. Ni madhara tu ndiyo yamekukumbusha. Amri yake ilikuwa amri ya kampuni, na kampuni itaibeba. Yeye mwenyewe pia anaweza kuulizwa, maana aliyevaa kofia ya ukurugenzi bila kuvishwa huwajibika kama aliyevishwa. Mchuma janga hula na wa kwao, ndugu yangu, na nyinyi ni wa kwake.

Sasa tuje kwako. Umeandika kwamba ulikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Umelipitisha hilo katikati ya maneno mengine, harakaharaka, ukidhani sitaliona. Nimeliona! Chuma hakumtazama Mama, alikutazama wewe, mkurugenzi uliyeandikishwa, uliyemsikia fundi kwa masikio yako. Ungesema neno moja tu, "Mama, hiyo mashine hapana," mkono wa mtu ungekuwa mzima. Adabu kwa mkwe ni kumpokea mzigo na kumpisha kiti. Haijawahi kuwa kumwachia avunje watu.

Na huo ushauri wa shemeji yako unajua maana yake? Maana yake mtu aliyekataa, akalazimishwa, akaumia, aambiwe kajiumiza mwenyewe. Hilo limenikasirisha kuliko mashine.

Basi fanya hivi. Leo hii piga simu bima, kama mnayo ya wafanyakazi, uwaambie kilichotokea kama kilivyotokea. Tafuta wakili, wa kweli, shemeji abaki na kazi yake. Mashine ing'olewe waya, na asiiguse mtu mpaka komeo jipya lifungwe. Matibabu ya Chuma yawe juu ya kampuni kuanzia sasa, bila kungoja kulazimishwa, na nyumbani kwake wasilale njaa.

Mkeo ana uchungu na mama yake, simlaumu. Ila mwambie mama yake ni mtu mzima, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyemuuliza yeye anataka kusema nini. Mtu anayekwenda kila asubuhi kumlisha aliyemuumiza, unadhani anatafuta mahali pa kujificha? Kaa naye. Muulize. Naona atakutangulia kwa afisa. Baadaye mkitaka aendelee na kazi, mteueni kwa utaratibu, ajue mipaka yake na wajibu wake. Hamtaki, funguo zirudi kwenu na yeye arudi kwa mjukuu, kwa heshima zote.

Lakini kabla ya hayo yote kuna mtu amekuuliza swali ukamjibu apone kwanza. Rudi wodini ukamjibu. Mwambie utakachosema Jumatatu, asiendelee kulala na wasiwasi pamoja na maumivu. Na afisa akiuliza nani aliamuru mashine iwashwe, usimtazame shemeji, usimtazame mkeo. Sema, "Kampuni iliamuru, na mimi nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza." Ukishasema hivyo kaa chini, umwachie Chuma naye aseme.